Anayecheka Amesikia Nini? Muziki katika Filamu ya La Vie est belle

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi, sisi tukiwemo, tunapotumia filamu darasani huishughulikia kama riwaya iliyotiwa picha. Tunauliza maswali juu ya dhamira, wahusika, mandhari na migogoro, kisha tunafunga kipindi. Muziki tunauacha kando, kana kwamba umewekwa pale ili kujaza nafasi wakati wahusika wamenyamaza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba katika filamu ya kuchekesha, na hasa ikiwa ni ya zamani, mwalimu anayeuacha muziki anakiacha kichekesho chenyewe. Tutatumia mfano wa La Vie est belle, filamu iliyotoka mwaka 1987 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Tutaeleza pia kwa nini somo letu la kwanza juu ya filamu hiyo lilishindwa kule Giteranyi, na ni nani aliyetusahihisha.

Somo lililoshindwa

Giteranyi iko kaskazini-mashariki mwa Burundi, upande wa Muyinga, jirani na mpaka wa Tanzania. Kiswahili hapo si lugha ya vitabuni tu. Kinasikika sokoni, kwa madereva wa malori, katika redio za ng'ambo ya mpaka, na katika familia zilizowahi kuishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi nchini Tanzania. Tulifika huko tukitokea Gitega kwa njia ya Karuzi na Muyinga, tukiwa na projekta, kompyuta na spika mbili, kuendesha semina ya siku mbili kwa walimu vijana na wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu. Walikuwa kama thelathini, wengi wao wamezaliwa karibu na mwaka 2000.

Jioni ya siku ya kwanza tuliwaonyesha La Vie est belle. Tulitarajia kicheko. Filamu hii ilichekesha watu Kinshasa, Ulaya na sehemu nyingi za Afrika, na sisi wenyewe tuliicheka sana enzi za kanda za video. Lakini chumba kilikuwa kimya. Wanafunzi walitazama kwa adabu kama watu wanaosubiri kuulizwa maswali. Mtu mmoja tu alikuwa akicheka, naye hakuwa mwanasemina. Alikuwa mzee mlinzi wa mahali pale, aliyesimama mlangoni na tochi yake mkononi.

Tulisimamisha filamu tukamkaribisha ndani. Akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Hivi hawa vijana wanamfahamu huyo mtu?"

Tukamwuliza, "Mtu yupi, Mzee?"

"Huyo anayetumwatumwa. Huyo ni Papa Wemba! Wamemfanya boi wa nyumbani, naye ni Papa Wemba!"

Akacheka tena peke yake. Hapo ndipo tulipotambua kosa letu. Tulikuwa tumewaeleza wanafunzi habari za waongozaji, mwaka wa filamu na hali ya Kinshasa, lakini hatukuwa tumewasikilizisha hata wimbo mmoja. Mzee alicheka kwa sababu alikuja na kitu masikioni ambacho wanafunzi wetu hawakuwa nacho.

Filamu yenyewe

Kwa faida ya msomaji ambaye hajaiona, tuieleze kwa ufupi. La Vie est belle, maana yake "maisha ni mazuri", iliongozwa na watu wawili: Ngangura Mweze na Mbelgiji Benoît Lamy. Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950, mji ambao wakazi wake huongea Kiswahili, akasomea filamu Ubelgiji. Baadaye alitengeneza Pièces d'identités (1998), iliyopata tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou mwaka 1999.

Kisa ni chepesi. Kourou, mpiga muziki maskini kutoka kijijini, anakwenda Kinshasa akitamani kuwa mwanamuziki wa kisasa. Jiji halimpokei kama msanii. Anapata kazi ya utumishi katika nyumba ya Nvouandou, tajiri mwenye klabu ya muziki. Wakati huohuo anampenda msichana aitwaye Kabibi. Nvouandou naye ana tatizo la nguvu za kiume. Mganga anamshauri aoe msichana bikira, lakini asimguse kwa muda wa siku thelathini. Msichana anayepatikana ni yuleyule Kabibi. Mke mkubwa hakubali kukaa akitazama tu. Basi ndani ya nyumba moja kuna bwana anayehesabu siku, mke anayepanga kisasi, na mtumishi anayempenda mke mdogo wa bwana wake. Mwishoni fundo linafunguka na Kourou anapata jukwaa alilolitafuta.

Kourou anaigizwa na Papa Wemba. Muziki wa filamu ni wake pamoja na wasanii wengine wa Zaire ya wakati huo, wakiwemo Zaïko Langa Langa na Tshala Muana. Pépé Kallé na mnenguaji wake mfupi Emoro wanaonekana pia. Mazungumzo yako kwa Kifaransa, na nyimbo ni za lugha za Kongo, hasa Kilingala.

Ni nani anayesikia?

Sauti za filamu zina sehemu nne: maneno ya wahusika, sauti za mazingira, muziki, na ukimya. Mwanafunzi aanze kwa kuzitenga. Katika muziki, swali la kwanza la kumwuliza ni jepesi: ni nani anayeusikia?

Upo muziki ambao wahusika wenyewe wanausikia. Bendi inapiga klabuni, redio imewashwa jikoni, mtu anaimba akifua nguo. Huo ni sehemu ya hadithi. Mhusika anaweza kuucheza, kuuzima au kuukasirikia. Upo pia muziki unaosikiwa na watazamaji peke yao. Mhusika anatembea njiani na vinanda vinalia, lakini yeye havisikii. Hiyo ni sauti ya msimulizi. Kama vile msimulizi wa riwaya anavyoweza kutunong'oneza "maskini, hakujua yanayomngoja", ndivyo muziki huo unavyotueleza tuhurumie, tuogope au tujiandae kucheka.

Mfano mzuri wa kuonyesha nguvu ya sauti katika futuhi ni City Lights ya Charlie Chaplin (1931). Filamu zenye maongezi zilikuwa zimeanza kuenea tangu mwaka 1927, lakini Chaplin alikataa kuwapa wahusika wake maneno. Muziki mwingi aliutunga mwenyewe. Mwanzoni mwa filamu wakubwa wa mji wanahutubia katika uzinduzi wa sanamu, na badala ya maneno tunasikia mlio wa kukwaruza usio na maana yoyote. Mtazamaji wa lugha yoyote anaelewa papo hapo Chaplin anafikiri nini juu ya hotuba za wakubwa. Hapana hata neno moja la kutafsiri. Onyesho hili ni la dakika chache na linafaa sana kuanzia somo.

Katika La Vie est belle muziki mwingi ni wa aina ya kwanza, yaani ni muziki wa wahusika. Hilo si jambo la bahati. Kisa ni cha mtu anayetaka kusikiwa. Kila muziki unapopigwa na mwingine, Kourou anakumbushwa kwamba yeye bado hajapewa nafasi. Kwa hiyo muziki ndio unaopima umbali kati yake na anachokitafuta. Mwanafunzi anayeruka nyimbo ili arudi haraka kwenye "hadithi" anaruka hadithi hiyohiyo.

Kinaya kinachokaa katika sauti

Sasa turudi kwenye kicheko cha yule mzee. Katika fasihi tunasema kuna kinaya pale hadhira inapojua jambo ambalo wahusika hawalijui. Kwa kawaida hadhira hulijua kwa sababu imeambiwa katika onyesho lililotangulia. Katika La Vie est belle hadhira imelijua kabla ya kuingia ukumbini.

Papa Wemba alizaliwa Lubefu, Kasai, mwaka 1949. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Zaïko Langa Langa mwaka 1969, na mwaka 1977 aliunda bendi yake mwenyewe, Viva La Musica. Filamu ilipotoka mwaka 1987, sauti yake nyembamba ya juu ilikuwa ikijulikana karibu kila mahali palipokuwa na redio katika eneo letu. Mavazi yake pia yalikuwa mfano kwa vijana wapenda umaridadi walioitwa wa Sape. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa nafasi ya Kourou, mwanakijiji asiyejulikana, mtumishi asiye na viatu vya maana.

Kwa hiyo kila mara watu wa Kinshasa wanapomdharau Kourou, ukumbi mzima unajua kitu ambacho wao hawakijui. Anayedharauliwa ni nyota. Mwenye klabu anahangaika na wanamuziki, na mwanamuziki mkubwa kuliko wote yuko nyumbani kwake akifanya kazi za ndani. Waongozaji hawakuhitaji kulieleza hilo kwa neno. Inatosha Kourou afungue mdomo aimbe. Sikio la mtazamaji linakamilisha kichekesho.

Ubaya wake ni kwamba kichekesho cha aina hii huzeeka. Maneno ya Kifaransa ya mwaka 1987 yanaeleweka hadi leo, na kisa cha mume, mke mkubwa na mke mdogo hakihitaji maelezo. Lakini sauti ya nyota inahitaji mtu anayeijua. Papa Wemba alifariki Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 baada ya kuanguka jukwaani akiimba. Kwa wanafunzi wetu yeye ni jina walilolisikia kwa wazazi. Walipomwona Kourou walimwona mtumishi maskini, basi. Mtumishi maskini anayetumwa hachekeshi. Anasikitisha.

Pole pole, kisha chemko

Kitu kingine ambacho sikio la mzee lilikijua ni muundo wa muziki wenyewe. Wimbo wa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, kwa kawaida una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huenda pole pole. Waimbaji wanasimulia, sauti zinapangwa kwa ulinganifu, na kisa cha mapenzi au cha maisha kinajengwa ubeti kwa ubeti. Kisha inakuja sehemu ya pili, iitwayo sebene. Hapo magitaa yanashika usukani, maneno yanapungua, mwendo unaongezeka, na warusha vibwagizo wanaita wanenguaji. Katika muziki wa dansi wa Tanzania watu huiita chemko. Kizazi cha Zaïko kiliikuza sana sehemu hii: kiliacha kundi la tarumbeta na saksafoni, kikayapa nafasi magitaa na ngoma za kizungu.

Sasa tuilinganishe na futuhi. Futuhi nzuri nayo hujengwa pole pole. Nani anampenda nani, nani anamficha nini nani, nani amekubali sharti gani. Mafundo yote yakishafungwa, mwendo hubadilika: milango inafunguliwa na kufungwa, watu wanagongana, siri zinamwagika. Mtazamaji aliyekulia katika rumba anaujua mwendo huo mwilini. Anaposikia sehemu ya polepole anavumilia, kwa kuwa anajua chemko linakuja. Wanafunzi wetu, waliozoea nyimbo zinazoanza na mdundo kuanzia sekunde ya kwanza, waliona mwanzo wa filamu "unachelewa". Waliliandika hilo katika karatasi zao. Hawakukosea kusikia. Hawakuwa wamefundishwa kungoja.

Muziki na wakati

La Vie est belle haikutengenezwa iwe filamu ya zamani. Ilionyesha Kinshasa ya siku zilezile. Muda ndio ulioifanya ya zamani, na leo muziki wake ni ushahidi wa enzi, kama vile magari, nywele na jina la Zaire, ambalo liliondolewa mwaka 1997.

Hali ni tofauti kwa filamu inayotengenezwa leo juu ya zamani. Mtunzi wa muziki lazima achague: atumie muziki wa enzi ile kweli, au atumie muziki unaotupa hisia ya uzamani? Mfano maarufu ni The Sting, futuhi ya Marekani ya mwaka 1973 juu ya matapeli wa mwaka 1936. Muziki wake mkuu ni wa kinanda na ulitungwa na Scott Joplin, mtunzi Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1917. Kipande chake kinachojulikana zaidi, The Entertainer, ni cha mwaka 1902. Kwa kalenda, muziki huo ulikuwa umepitwa na wakati katika miaka ya 1930. Hata hivyo Marvin Hamlisch, aliyeupanga upya, alipata tuzo ya Oscar, na watazamaji wengi waliona kwamba "hiyo ndiyo zamani". Muziki huo ulichaguliwa kwa ucheshi na ujanja wake. Unatembea kama tapeli anayejifanya mtu mwema. Mwanafunzi ajifunze hapa kwamba kufaa kwa muziki na usahihi wa tarehe ni mambo mawili tofauti.

Katika Kiswahili tunayo Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo wengi wetu tumeisoma. Hiyo si futuhi. Ni kisa cha mapenzi na siasa katika Zanzibar ya mwishoni mwa ukoloni. Lakini mwalimu atakuta humo jambo linalofanana na la Papa Wemba: Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki wa taarab wa Zanzibar. Anayeijua sauti yake haingii ukumbini akiwa sawa na asiyeijua.

Nasi Burundi tusijisahau. Filamu yetu ndefu ya kwanza, Gito l'ingrat (1992), ni futuhi pia. Inamhusu Gito anayerudi kutoka Paris na shahada, akidhani uwaziri unamngoja, huku akiwa na mchumba huko na mchumba huku. Mwongozaji wake, Léonce Ngabo, alikuwa mwanamuziki kabla ya kuwa mtu wa filamu. Si ajabu basi kwamba futuhi za eneo letu zimepita mikononi mwa watu wa muziki. Kuchekesha na kuimba vyote vinataka mtu anayejua lini aingie na lini anyamaze.

Kiswahili cha muziki

Somo la muziki wa filamu ni somo la lugha pia. Karatasi za wanafunzi wetu zilitupa mambo matatu.

Kwanza, wengi waliandika "Kourou anacheza gitaa". Hapa Kifaransa kimeingilia, kwani kwa Kifaransa mtu "hucheza" ala kama anavyocheza mpira. Kwa Kiswahili ala hupigwa: hupigwa ngoma, gitaa, zeze, kinanda na malimba. Filimbi hupulizwa. Anayecheza ni yule anayeyumbisha mwili kufuata mdundo. Kirundi kingewasaidia kama wangekikumbuka, kwani nacho hutumia vitenzi maalumu kwa ala: kuvuza ingoma, gucuraranga inanga.

Pili, kuna "kusikia" na "kusikiliza". Mhusika anaweza kusikia muziki bila kuusikiliza, na mtazamaji vilevile. Mwanafunzi akiweza kuandika sentensi moja yenye vitenzi vyote viwili kwa usahihi, ameelewa nusu ya makala haya. Baadhi waliandika "sisikii Kilingala" wakimaanisha hawakielewi. Matumizi hayo yako katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo na katika mazungumzo ya hapa kwetu, na yanalingana na kitenzi cha Kirundi "kwumva", ambacho hubeba kusikia na kuelewa kwa pamoja. Katika insha ya Kiswahili Sanifu tutawaongoza waandike "sielewi". Lakini tusiyaandikie alama nyekundu kama ujinga. Tuyaeleze kama tofauti ya mahali.

Tatu, kuna majina ya ala. Tulipowauliza mpiga muziki wa kijijini kwao angekuwa na ala gani, walitaja inanga, umuduri, iningidi na ikembe. Ikembe ndiyo likembe ya Kongo, na kwa Kiswahili cha Tanzania huitwa malimba au marimba ya mkono. Kutoka neno moja tulipata ramani ya eneo zima. Neno "ngoma" nalo lilileta mjadala mrefu: kwa Kiswahili ni ala, tena ni mchezo wenyewe, na kwa vijana wa Dar es Salaam ni wimbo wowote mpya. Kwa Kirundi ingoma ni ala na pia ni ufalme.

Somo la pili

Asubuhi ya siku ya pili tulibadilisha mpango, na tunaupendekeza kwa wenzetu.

Kwanza, masikio kabla ya macho. Tulimwomba yule mzee atukopeshe nyimbo alizokuwa nazo katika kadi ya redio yake ndogo. Alikubali, tena alikaa nasi. Alieleza alimsikia Papa Wemba kwa mara ya kwanza akiwa utingo wa lori, na jinsi vijana wa wakati wake walivyokuwa wakikunja suruali kumwiga. Wanafunzi walisikiliza nyimbo tatu, wakaelezwa wapi chemko linaanzia, wakanyosha mikono lilipofika.

Pili, onyesho moja bila sauti. Tulizima spika na kuwataka waandike wanachokiona. Kisha tulirudia onyesho lilelile na sauti, wakaandika kilichoongezeka. Mtu akiwa na dakika ishirini tu, zoezi hili linatosha.

Tatu, jedwali la nani anasikia. Kwa kila kipande cha muziki waliandika: nani anapiga, nani anasikia, nani anasikiliza, na sisi tunajua nini ambacho mhusika hajui.

Nne, nyimbo zipi zitafsiriwe. Tulikubaliana kwamba wimbo unaoimbwa na mhusika kwa mhusika ni mazungumzo, hivyo mtazamaji anahitaji maana yake. Wimbo unaolia nyuma ya onyesho hauhitaji kutafsiriwa wote, kwa sababu maneno ya chini ya picha yatamnyima mtu nafasi ya kusikiliza. Hapa walimu wanaweza kutofautiana nasi, na mjadala huo utalifaidi darasa.

Tulipoionyesha tena sehemu ya filamu, walicheka. Hawakucheka kama mzee, kwani yeye alikuwa na miaka arobaini ya nyimbo hizo na wao walikuwa na saa moja. Lakini walicheka mahali palepale alipocheka yeye.

Mmoja hakucheka sana. Alikuwa mwanafunzi wa kike ambaye siku ya kwanza hakusema neno. Tulipomwuliza kama kuna jambo halijaeleweka, alijibu kwamba limeeleweka mno. "Baba yangu kule kambini ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya," alisema. "Watu walikuwa wanatoka mitaa yote kuja kumsikia. Huku wanamjua kwa kufyatua matofali. Sasa mimi nikimwona Kourou nacheka, Mwalimu, lakini nacheka kidogo."

Alisema kwa Kiswahili fasaha cha ng'ambo ya mpaka, kuliko cha wenzake wote chumbani. Baadaye alitueleza kwamba alikuwa amenyamaza kwa kuhofia Kiswahili chake ni "cha kambi" na si cha chuoni. Hatukuwa tumemwuliza alikojifunzia. Kama tulivyowaonyesha wanafunzi filamu bila kuwauliza wanajua sauti ya nani, ndivyo tulivyofundisha siku nzima bila kujua ni sauti gani iliyokuwa imekaa mbele yetu.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kueleza kwamba muziki wa filamu ya kuchekesha hufanya kazi tatu. Unasimulia, kwa kutuambia tuhisi nini. Unapima mwendo, kwa kutujulisha lini mafundo yanafungwa na lini yanafunguliwa. Na unabeba kinaya, kwa kuitegemea hadhira inayoijua sauti. Kazi hiyo ya tatu ndiyo inayopotea upesi miaka inapopita, na ndiyo inayomhitaji mwalimu. Asiitarajie kicheko cha bure. Awape kwanza wanafunzi masikio ya wakati ule.

Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu somo hili kwa filamu waliyo nayo, si lazima iwe hii, na watuletee matokeo kwa ajili ya matoleo yajayo. Kabla ya kuwasha projekta, mtafuteni mtu mzima wa mahali hapo aliyezisikia nyimbo hizo zilipokuwa mpya. Huenda amesimama mlangoni na tochi. Mpeni kiti.